Twita ya spika ya kushoto iliungua kwa bahati mbaya, ya kulia niliiunguza mwenyewe

Kinobu cha volyumu cha amplifaya yetu kinaanza saa moja kinaishia saa kumi na moja. Yaani ukikitazama kama mshale wa saa ya ukutani, kikiwa kimefungwa kabisa kinaelekea pale penye 7 na kikijaa kinaelekea penye 5, kama siku nzima ya kibarua. Siku zote nyumbani tunasikilizia saa tatu, wageni wakiwepo ndo tunafika saa nne. Jumamosi ile kilikuwa saa nane na nilikiweka mimi mwenyewe, sikuwekewa na mtu.

Sababu ilikuwa kanda ya harusi ya mama, ya mwaka 1986. Mtu alishika redio kaseti katikati ya ukumbi akarekodi kila kitu, ngoma, vigelegele, watoto wanalia, sahani zinagongana, na kwenye upande wa pili karibu na mwisho kuna sauti ya shangazi yao mama, marehemu sasa, anawaambia wanawake waliokaa na bibi harusi neno moja mara mbili. Mama anasema neno lenyewe ni "msuteni". Na ukijua mambo ya pwani unajua kusutwa ni nini, tena siku ya harusi yako, mbele za watu, bas limemkaa rohoni miaka yote hiyo. Mama mdogo anakataa kabisa, anasema shangazi hakuwa mtu wa hivo, lakini ukimuuliza alisema nini hajui. Jumamosi ile wote wawili walikuwa kwetu, hapa Tanga, nikasema leo tunaweka kanda tusikilize mpaka tulipate. Sauti iko chini mno kwenye kanda ile, imechoka, ndo nikawa naongeza, saa tano, saa sita, saa nane, tumesogea karibu na spika tunatega masikio. Umeme ukakatika.

Tukacheka, tukatafuta tochi za simu, mie nikatoka uani kuangalia jiko. Amplifaya ni ya zamani, baba aliinunua kwa baharia 1989 enzi anafanya kazi bandarini, ina swichi ile ya kubonyeza inabaki imezama ndani, kwa hiyo umeme ukirudi inawaka yenyewe. Mtoto wa dada yangu, ana miaka tisa, akawa anasubiri mpira, kwenye giza lile akageuza ile swichi ya kuchagulia akatoa kwenye kaseti akaweka kwenye tivii, maana sauti ya tivii yetu inapita humo humo. Alafu akakaa kwenye mkeka, mita moja hivi kutoka spika ya kushoto.

Umeme ukarudi. Rilei ya amplifaya, ile swichi ya ndani inayojiwasha yenyewe, ikasema tik kama kawaida yake baada ya sekunde chache, kimya. King'amuzi kinachukua kama dakika nzima kuamka, kwa hiyo dakika nzima hakuna aliyejua chochote, taa zimewaka watu wanafurahi. Kilipoamka mtangazaji wa mpira alikuwa katikati ya kelele za goli, na sijawahi kusikia kitu kama kile ndani ya nyumba. Haikuwa hata sauti ya mtu, ilikuwa ni mpasuko mmoja unaendelea tu. Nimekimbia kutoka uani, mama mdogo ameziba masikio, mtoto amelala chini kajikunja, mpaka nimefika kuzima nadhani zimepita sekunde kumi na tano.

Sasa hapa ndo napotaka kusema. Hizo sekunde kumi na tano ziliharibu kitu kimoja, na vingine vyote niliviharibu mimi nusu saa iliyofuata kwa jina la kuangalia kama vimeharibika.

Kitu cha kwanza nilichofanya nilishika spika. Sikumshika mtoto, nilishika spika, nikaitoa kitambaa cha mbele nikaangalia karatasi ya wufa, ile spika kubwa ya sauti nzito (ile ndogo ya sauti nyembamba ndo twita), kama imechanika. Haikuchanika. Nikawasha, nikashusha volyumu mpaka saa mbili na nusu, sauti ikatoka pande zote mbili, nikasema alhamdulillah imepona. Lakini kushoto ilikuwa imeziba, kama mtu anaongea amefunikwa blanketi. Jirani alikuja kuuliza kulikoni, akasema hebu ongeza kidogo tuisikilizie, nikaongeza. Bado imeziba. Nikaongeza trebo, yaani sauti nyembamba, mpaka mwisho ili ile ya kushoto ifunguke, nikaongeza na volyumu tena, ikawa kulia sauti inakata kama wembe na kushoto bado blanketi, tukawa tunabishana pale kama ni spika au ni waya, dakika kumi nzima, mpaka kulia nako kukaanza kukwaruza. Krr krr kwenye kila herufi s. Alafu kukafifia. Nikazima.

Harufu nilikuwa naisikia tangu mwanzo. Kama plastiki na vanishi imechomwa kidogo, haikai sana puani, ukifungua dirisha imeondoka. Nilidhani ni jiko langu la uani.

Kesho yake nilibeba amplifaya na spika zote mbili kwenye bajaji nikaenda Ngamiani kwa fundi mmoja mzee, zile barabara za namba, ana kibanda kimejaa redio mpaka juu. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia, nikamweleza yote. Swali lake la kwanza halikuwa sauti ilifika wapi wala ilikuwa kwa muda gani. Aliniuliza, "Uliwasha tena?" Nikasema ndio. "Ukaongeza?" Nikasema ndio. "Na trebo?" Akaniangalia vile mzee anavyomwangalia mtoto aliyemwaga maziwa, hakusema kitu, akainama akaweka pua kwenye tundu la hewa nyuma ya spika. Ya kushoto, akanusa. Ya kulia, akanusa. Akasema, "Zote, mwanangu."

Nikamuomba kama anaweza kunionyesha kila anachofanya, akakubali. Nilikaa pale mpaka adhuhuri na nimeyaweka kichwani.

Spika hakuzigusa kwanza, alianza na amplifaya, tena bila kuunga spika. Nikauliza kwa nini, akaniambia amplifaya ikipigwa vile transista za kutolea sauti zinaweza kufa, na zikifa kuna namna moja mbaya, zinashikana, umeme wa moja kwa moja uliomo ndani ukatoka kwenye nyaya za spika. Huo hauna sauti, ni joto tu. Ukiunga spika nzima kwenye amplifaya iliyokufa hivo koili ya wufa, ule waya uliozungushwa unaosukuma karatasi, inaungua mbele ya macho yako, na mtu anabadilisha spika ya pili nayo inaungua, ya tatu, anasema nyumba ina jini. Amplifaya nyingi zina rilei ya kuzuia hilo, ile tik ya mwanzo ndo yenyewe imeridhika kwamba mambo safi, na kama haijaridhika tik haiji au taa ya proteksheni inabaki inawaka. Lakini si zote zinayo, na hata yenye nayo ikizeeka vyuma vyake vya kugusana vinaweza kushikamana. Kwa hiyo pima.

Aliiwasha kupitia balbu. Hii nilikuwa sijawahi kuiona, ana balbu ya zamani ile ya waya, wati 100, ameifunga kwenye njia ya umeme ili umeme wote wa amplifaya upite kwanza kwenye balbu. Kama ndani kuna shoti balbu inawaka kwa nguvu na kubaki hivo, amplifaya haipati umeme wa kujimalizia. Kama ni nzima balbu inawaka mara moja inafifia. Yetu iliwaka ikafifia, na mie ndo nilipumua hapo. Alafu akaweka mita ya kupimia umeme kwenye volti za moja kwa moja, volyumu ziro, hakuna spika, akapima matundu ya kushoto, milivolti 22. Kulia, 35. Akasema chini ya 50 hana neno, ikifika mia mbili mia tatu anafungua, ikiwa ni volti kabisa, kumi, ishirini, hiyo haiungwi spika ya mtu. Akaacha iwake nusu saa akapima tena, hazikubadilika. Akagusa bati la kupoozea transista pande zote mbili kama joto linalingana. Fyuzi zilikuwa nzima. Alinionyesha chupa ya fyuzi ambazo watu wamemletea zimezungushiwa karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara na nyingine uzi wa shaba, akasema hizi ndo zinalisha watoto wake. Fyuzi ikikatika weka ya namba ile ile, na ikikatika tena kuna tatizo ndani, usipandishe namba.

Ndo akaja kwenye spika. Hapa kuna mtego ambao ningeingia kichwa kichwa. Alipima ohmu, yaani ukinzani wa waya, kwenye matundu ya nyuma ya boksi, kushoto 6.1, kulia 6.3. Spika zimeandikwa ohmu 8. Nikasema bas si nzima, maana spika ya 8 mita inasoma 6 hadi 7, ya 4 inasoma 3 na kitu, hiyo naijua. Akatingisha kichwa. Mita ukiiweka nyuma ya boksi inaona wufa peke yake, kwa sababu twita imewekewa kapasita mbele yake, kidude cha kuzuia sauti nzito, na kapasita haipitishi umeme wa mita. Twita inaweza kuwa imekufa wiki nzima na mita ikakwambia spika haijambo. Lazima ufungue, uchomoe waya mmoja wa twita, uipime yenyewe. Akafungua. Twita ya kushoto mita ikaandika OL, njia imekatika, koili imeungua. Ya kulia ikasoma 5.4.

Nikafurahi tena. Akaiunga kwenye kiredio chake kidogo kupitia kapasita, sauti ndogo kabisa, akaniambia weka sikio. Krr. Ohmu zilikuwepo lakini koili ilipata joto ikavimba na sasa inasugua kwenye ule mwanya mwembamba wa sumaku, haijakatika ila haiko sawa. Mita inajua kama waya umekatika. Kama koili imepinda mita haijui, sikio ndo linajua. Na akasisitiza sana twita isiungwe kavu kavu bila kapasita hata kwa kujaribu tu, sauti nzito zikiingia mle zinaimaliza.

Nikamuuliza swali lililokuwa linaniuma, mbona sauti kubwa imeua kidude kidogo na wufa kubwa haijafa, na amplifaya yenyewe ni wati 45 tu kila upande wakati nyuma ya spika imeandikwa 100. Si ilipaswa spika iwe salama? Jibu lake nimelifikiria sana na baadaye nimesoma zaidi, nalieleza nilivyoelewa mie. Amplifaya ina mwisho wake. Ukiidai zaidi ya uwezo haikatai, inatoa mawimbi yaliyokatwa vichwa, juu bapa chini bapa. Wimbi la hivo linabeba nguvu nyingi kuliko lile la mviringo, likiwa bapa kabisa ni mara mbili, kwa hiyo wati 45 zinaweza kusogelea 90. Na zile kona za wimbi lililokatwa zinazaa sauti nyembamba nyingi ambazo hazikuwepo kwenye mpira wala kwenye muziki, na sauti nyembamba zinakwenda wapi, kwenye twita. Twita yenyewe koili yake ni waya mwembamba kama unywele na imejengwa kubeba wati chache tu mfululizo, ile 100 ya nyuma ya boksi ni ya spika nzima kwa muziki wa kawaida ambao sehemu kubwa ya nguvu yake iko chini. Ndo maana amplifaya ndogo inayolia inaua twita kuliko kubwa inayocheka. Alafu fikiria mie nilivyoongeza trebo mpaka mwisho, nikaongeza na volyumu, twita moja ndo inapokea yote hayo kwa dakika kumi. Ya kushoto ilipata sekunde kumi na tano za ajali, ya kulia nikaipa dakika kumi za makusudi.

Na kwa nini saa nane iwe sawa kwa kanda na iwe balaa kwa king'amuzi? Nyuma ya amplifaya yetu imeandikwa milivolti 150, maana yake ukiipa volti 0.15 tu na kinobu kimejaa imeshafika mwisho wa nguvu. Vifaa vya siku hizi, vidude vya CD na ving'amuzi vingi, vinaweza kutoa mpaka volti 2. Ni zaidi ya mara kumi na tatu. Kanda iliyochoka inatoa kidogo sana, ndo maana nilikuwa nafika saa nane na shangazi bado anaongea kama yuko nyumba ya pili. Kinobu hakikwambii umetoa nguvu kiasi gani, kinakwambia umefungua bomba kiasi gani tu, maji yanategemea kilichoko nyuma ya bomba. Kwa king'amuzi chetu nguvu zote zilishaisha kabla hata ya saa sita, kutoka hapo mpaka saa nane ilikuwa ni kukatwa vichwa tu.

Wufa alizikagua kwa mkono. Unaweka vidole vinne kuzunguka kile kikofia cha katikati, unasukuma taratibu ndani sawasawa, unaachia, huku umetega sikio. Inatakiwa iende kimya. Kushoto kimya. Kulia kulikuwa na mkwaruzo mdogo, kama kucha kwenye karatasi, upande mmoja tu. (Twita usiisukume kamwe, kikuba chake kinabonyea.) Alafu akachukua betri ya redio ya kawaida, ya volti 1.5, akagusisha kwenye matundu ya wufa sekunde moja, karatasi ikaruka mbele ikasema pop, chanya kwa chanya inatoka nje, ukigeuza inaingia ndani. Kwa hiyo wufa zote ziko hai. Ile ya kulia alisema inawezekana koili ilishaanza kushuka kwa uzito na uzee, mshtuko wa usiku ule umeizidisha, akafanya kitu rahisi ambacho sikutegemea, akaifungua akaizungusha nusu duara, juu ikawa chini, akaifunga tena. Mkwaruzo ukapungua karibu wote. Na sponji za pembeni, zile zinazoshika karatasi, akazibonyeza kwa kidole kidogo, ya kushoto ikaacha unga mweusi kwenye kidole. Hiyo wala si kelele, ni miaka na unyevu wa huku kwetu pwani, sponji zinaoza zenyewe hata ukisikiliza kwa adabu. Wufa za raba hazina shida hiyo. Alizibadilisha zote mbili kwa gundi na sponji mpya, kazi ya siku mbili.

Twita za aina ile hazipo tena madukani. Tulizipata Kariakoo zinazolingana tundu na ohmu, jozi, nikatumiwa kwa basi. Alikataa kubadilisha moja tu hata kama ile nyingine ingekuwa nzima, kwa sababu twita mbili za aina tofauti haziimbi sawa, mwimbaji anakuwa anahama ukutani. Hizi mpya zilikuwa kali kuliko wufa, sauti ya juu imezidi, akaweka rezista ya ohmu 2.2 ya wati 10 mbele ya kila moja zikatulia. Na kapasita za zamani, maikrofaradi 4.7, alizitoa akaweka mpya za thamani ile ile. Kapasita ikiwa imechoka au imeshikana unaweka twita mpya jioni, asubuhi ni marehemu. Niliona fundi mwingine pale jirani anaweka twita ya mteja bila kupima kapasita, sikusema kitu, nilikuwa mgeni.

Nyumbani nimejifunza kukagua mwenyewe bila fundi, na haya naweza kusema kwa uhakika nimeyafanya mara nyingi tangu siku hiyo, hata kwa spika za watu wengine.

La kwanza ni sauti ndogo. Spika mbovu inajificha kwenye kelele na inajionyesha kwenye utulivu. Zima feni, funga dirisha, volyumu saa mbili, sogeza sikio kwenye kila spika moja moja. Mie nazungusha gazeti liwe bomba, mwisho mmoja sikioni mwingine mbele ya twita, hapo wufa haiwezi kunidanganya. Sauti ya mtu anayeongea ni bora kuliko muziki, tafuta s na f na sh. Kama s zinasikika kama th au hazipo kabisa twita haipo.

Lingine ni kusikiliza rekodi ya mono, upande wa kushoto na kulia ni sawasawa. Taarabu za zamani kabisa zinafaa, Siti binti Saad alirekodi Bombay 1928 na wakati ule stirio ilikuwa bado haijafika kwenye santuri, hivo sauti yake inatakiwa isimame katikati kabisa ya spika mbili, kama mtu amesimama mbele ya ukuta. Ukikaa katikati na sauti ikavutwa upande mmoja, upande wa pili umepungukiwa kitu. Hapo zima, badilishana nyaya za spika nyuma ya amplifaya, kushoto kwenda kulia. Kama udhaifu umehamia boksi la pili basi ni amplifaya, kama umebaki kwenye boksi lile lile ni spika au waya wake. Lakini hilo ufanye baada ya kupima zile milivolti, sio kabla, maana kubadilishana nyaya kwenye amplifaya iliyokufa ndo kuua spika ya pili.

Alafu kuna programu za simu za kutoa mlio mmoja, unapandisha kutoka hezi 30 mpaka juu taratibu. Kwa sauti ndogo. Wufa ikiwa na kasoro itanguruma au kukwaruza mahali fulani kati ya 40 na 200, twita nayo inasumbua zaidi kule chini pake, elfu mbili elfu tatu. Usikae kwenye mlio wa juu na volyumu kubwa eti huusikii vizuri, mlio mtupu ni moto mtupu, utaunguza kitu ambacho ajali ilikuachia. Mie wufa ya kulia mpaka leo kwenye hezi 45 inasema kitu kidogo sana. Najua iko pale. Kwenye muziki haisikiki.

Na subiri ipoe kabla hujapima chochote. Shaba ikipata joto ohmu zinapanda, ukipima spika iliyotoka kupigwa utapata namba kubwa kuliko ya kweli, kesho yake imerudi. Wengine wametupa spika nzima kwa hilo.

Nilisema nilishika spika kabla ya mtoto. Usiku ule alipokuwa analala akaniambia, "Mjomba, masikio yanapiga filimbi." Nilikaa naye kitandani nikamwambia alale upande wa feni asiisikie. Sikulala mie. Wataalamu wa usalama kazini wanahesabu desibeli 85 kwa muda wa masaa nane, na kila ukiongeza 3 muda unakatika nusu, kwa hiyo ukifika 100 ni dakika kumi na tano tu kwa siku, na mita moja kutoka spika ile sidhani ilikuwa chini ya hapo. Asubuhi nilisimama upande wake wa kushoto nikamwita kwa kunong'ona, kisha kulia, akaitika zote, filimbi imeondoka. Ingefika mchana bado ipo au angesema sikio limeziba ningempeleka hospitali siku ile ile, sikio likipoteza usikivu ghafla halisubiriwi wiki. Filimbi ya mama mdogo ilikaa siku mbili na hakuniambia, nilijua kwa mama.

Sasa hivi kinobu kina doa la rangi ya kucha, nyekundu, saa nne. Umeme ukikatika mtu wa kwanza kupata tochi anabonyeza swichi ya amplifaya itoke nje, na kabla ya kugeuza swichi ya kuchagulia unarudisha kinobu saa moja. Mtoto ndo mkali kuliko wote, ukisogea tu anauliza iko saa ngapi.

Lakini vile vile niliona sababu yenyewe ilikuwa kanda. Ningebaki na kanda ile siku moja ningerudi saa nane. Nikaazima deki nzuri, nikasafisha kichwa chake kwa spiriti, nikaipitisha kanda nzima kwenye kompyuta, nikapandisha kiwango cha sauti humo humo kwenye faili, pande zote mbili, saa moja na nusu ya harusi. Sasa inasikilizwa saa tatu na nusu kama kitu kingine chochote.

Ijumaa moja baada ya spika kurudi nikawaita tena mama na mama mdogo. Tukakaa. Vigelegele vilipita, sahani zikapita, mtoto wa mtu akalia, na nilikuwa nimesahau kabisa kwamba kanda ile ina sauti za juu namna ile, mishindo ya bangili unaihesabu. Ikafika sehemu ya shangazi. Akasema neno lake mara mbili. Mama akaniambia rudisha. Nikarudisha. Akasema tena rudisha, akasogea mbele, mara ya tatu akaweka mkono mdomoni.

"Mfuteni," mama mdogo akasema. "Anasema mfuteni."

Mama alinyamaza kanda ikaendelea kwenda, ngoma imeingia tena.

"Nilikuwa nalia," akasema. "Kweli, siku ile nililia sana."